IST inakula mafuta kama Fuso. Nimeanza kupima, njooni tusaidiane

#1 Mzee wa Risiti

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota IST ya cc 1500, nilinunua kwa mtu hapa hapa mjini mwaka juzi. Naishi Mbezi, kazini Posta, kwenda na kurudi kilomita 48 kwa dashibodi yangu. Hii gari ilifika mahali ikawa inanikosesha usingizi. Naweka elfu thelathini Jumatatu asubuhi, Jumanne jioni nikifika Kimara taa ya mafuta inanitazama.

Nikaanza safari ya mafundi. Wa kwanza akabadilisha plagi nne na koili moja, 185,000. Wa pili akasafisha nozo na koo la hewa, 60,000. Wa tatu akasema tatizo ni sensa ya oksijeni, akaniletea ya mtumba, 120,000. Halafu nikapitiwa na shetani Kariakoo nikanunua kidubwasha cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari chini ya usukani, eti kinapunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia thelathini, 35,000. Jumla laki nne kamili na taa bado inawaka Jumanne.

Sasa kilichonifumbua macho ni swali moja la jirani. Kaniuliza: "Inakula lita moja kilomita ngapi?" Nikabaki natoa macho. Mwaka mzima nalalamika inakula sana, na inakula kiasi gani sijui. Mtu anayenunua mafuta kwa hela hawezi kujua. Leo elfu kumi, kesho elfu ishirini, keshokutwa umemwazima mdogo wako. Unajuaje?

Nikaanza upya. Nilijaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza. Muuzaji akataka kuongeza kidogo ili hela ikae sawa, nikakataa. Tripu, ile ya kuhesabu kilomita, nikaiweka sifuri. Nikatembea hadi ikabaki robo, nikarudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari imeelekea upande ule ule, nikajaza mpaka ikate. Kilomita gawanya kwa lita za kwenye risiti.

Tanki la kwanza: kilomita 287, lita 34.6. Yaani 8.3 kwa lita. IST!

Wiki hiyo hiyo nikampa lifti mfanyakazi mwenzangu. Mnajua IST dashibodi iko katikati, abiria anaiona kuliko dereva. Tukiwa Ubungo kaniuliza, "Hii O/D OFF umeizima makusudi?" Wakuu, ile taa ya njano niliikuta inawaka siku nanunua gari. Mimi nilijua ni mambo ya AC. Kumbe kuna kitufe pembeni ya kichwa cha gia, ukikibonyeza unaifungia gari gia ya nne. Karibu miaka miwili natembea na gia tatu.

Nikabonyeza, taa ikazima. Tanki la pili: kilomita 318, lita 34.1. Sawa na 9.3.

Imepanda, lakini bado ni mbaya. Mwenye nondo ashushe. Nitaleta mrejesho kwa risiti, siyo kwa maneno.

#2 Chuma Chakavu

Naweka kambi hapa.

Ila mkuu miaka miwili na gia tatu 😂😂 Hiyo gari ingekuwa na mdomo ingekushtaki.

#3 Dogo wa Tabata

IST siyo gari, ni daladala ya familia. Uza, nunua pikipiki.

#4 FundiBubu

Mzee wa Risiti, umefanya jambo ambalo wateja wangu tisa kati ya kumi hawalifanyi. Kupima kwanza.

Nikuulize. Themostati ipo, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto? Usinijibu kwa kukisia. Nenda kafungue uone, au mtu achomeke mashine ya kupimia akuonyeshe joto la maji gari ikiwa inatembea, siyo ikiwa imesimama. Kwenye foleni joto litapanda tu hata kama themostati haipo. Barabara ikifunguka upepo ukaanza kupiga rejeta, hapo ndipo utaona.

Ukishafika nyumbani jioni, kabla hujaingia ndani, sogeza kiganja karibu na rimu zote nne. Usiguse, sogeza tu. Kama moja ni ya moto kuliko wenzake, breki ya tairi hiyo haiachii.

Oili gani unatumia? Upepo kiasi gani?

Hayo ya plagi na sensa waliyokufanyia si mabaya, ila walianza na kinacholeta faida dukani.

#5 Mzee wa Risiti

Oili nadhani ni 20W-50, kwenye dumu la njano. Upepo najaza pale kijiweni, kijana anabonyeza anasema "poa mzee".

#6 FundiBubu

20W-50 kwenye injini ya NZ, hiyo ya IST yako, ni kama kumvisha mtoto buti za mwanajeshi. Atatembea, lakini atachoka. Injini hiyo ilitengenezwa itumie oili nyepesi, 5W-30 inatosha kabisa. Wenzetu wanaoweka nzito wanasema Dar kuna joto. Joto la Dar halihusiani na joto la ndani ya injini. Ndani ni kule kule, uwe Dar au uwe Japani. Oili nzito naiweka kwenye injini iliyochoka inayokula oili, kama huduma ya kwanza tu.

Upepo: fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Fuata hicho. Nunua geji yako mwenyewe, upime asubuhi kabla gari haijatembea. Geji za vijiweni nyingi zimeanguka mpaka hazijui tena zinasoma nini.

#7 Mpiga Honi

Mimi siri yangu ni moja na sijawahi kuisema. Mteremko wowote natupa nyutro. Kitonga nikitoka Iringa nashuka nyutro kuanzia juu mpaka chini, mafuta hayaguswi. Jaribuni mje mnishukuru.

#8 FundiBubu

Mpiga Honi, uko hai bado? Mshukuru Mungu, usitushukuru sisi.

Gari yenye nozo za umeme ikiwa kwenye gia, ukaachia kabisa pedeli ya mafuta, kompyuta inafunga nozo. Sifuri. Matairi ndiyo yanazungusha injini. Ukitupa nyutro, injini inabaki peke yake, inabidi ijiwashe isizime, kwa hiyo inakula mafuta. Yaani unachofanya ni kutumia mafuta ambayo ungeyaacha, huku ukizichosha breki. Ya kutupa nyutro mteremkoni ilikuwa hesabu ya magari ya kabureta ya baba yako.

Na Kitonga breki zikishachemka unakanyaga unaona pedeli imekuwa laini kama sifongo. Pale weka gia ya 2, kona kali weka L, acha injini ikushike. Malori yaliyolala kwenye yale makorongo hayakutumwa na mtu.

#9 Mpiga Honi

Nimesikia mkuu. Nitajaribu ya kwako safari ijayo.

#10 Mama Kulwa

Shikamooni wakubwa, wadogo mmenisalimia moyoni.

Mimi nina Passo, niko Tanga mjini, foleni huku hatuna. Nampeleka mtoto shule kilomita mbili, narudi. Naenda sokoni, narudi. Mchana namfuata mtoto, nawahi kidogo, nakaa getini na AC. Nilitegemea niwe na ulaji mzuri kuliko nyie wa Dar, nimepima kama mwenye uzi alivyoelekeza, napata 9.6. Passo ya cc 1000! Fundi anataka nibadilishe pampu ya mafuta. Nimpe?

#11 FundiBubu

Marahaba dada. Usimpe.

Safari ya kilomita mbili injini haijapata joto tayari umezima. Injini ikiwa ya baridi inamwagiwa mafuta mengi makusudi ili iungurume vizuri. Wewe siku nzima unaendesha gari ya baridi. Hiyo ya sokoni iunganishe na ya shule, utoke mara moja uzunguke kote, injini ikiwa imeshapata moto. Na hapo getini zima gari, keti kwenye kivuli. Gari iliyosimama inaunguruma inakwenda kilomita sifuri kwa lita, hakuna ulaji mbaya kuliko huo.

#12 Mama Kulwa

Kivuli kipo, kuna mwembe. Tatizo chini ya mwembe kuna wamama wa umbea 😂 Ila nitajitoa mhanga.

#13 Msafiri254

Salamu kutoka Mombasa. Hii ya themostati ni ugonjwa wa pwani nzima nadhani. Probox yangu ilichemka mara moja, fundi akatoa themostati akaitupa akasema "hii ni ya nchi za baridi". Nilikaa nayo hivyo mwaka. Huku EPRA, wadhibiti wa nishati wa Kenya, wakitangaza bei kila tarehe 14, siku hiyo jioni utaona foleni za sheli zimefika barabarani, watu wanawasha magari saa nzima kuokoa shilingi tano kwa lita. Hesabu zake mimi huwa sizielewi.

#14 Chuma Chakavu

@Msafiri254 huku ni hivyo hivyo. EWURA, wadhibiti wa huku Tanzania, bei kikomo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tetesi zikisema bei inapanda, nenda Jumanne usiku uone vituko.

#15 Dogo wa Tabata

Mnazunguka sana. Sheli ndiyo zinawaibia. Mimi tanki langu ni lita 45, siku moja pampu imesoma 46 na gari ilikuwa haijakauka. Hiyo lita ya ziada imekaa wapi, kwenye viatu vyangu?

#16 FundiBubu

Inawezekana wamekuibia, inawezekana pia hapana. Hizo 45 ni za tanki. Bomba la kujazia na nafasi ya hewa iliyoachwa juu vinabeba zaidi ukilazimisha mpaka shingoni. Na usilazimishe, ule mvuke una njia yake inayopita kwenye kopo la mkaa, ukiingiza mafuta humo umeliua.

Ukiwa na wasiwasi na pampu, angalia stika ya Wakala wa Vipimo kama ipo na ni ya muda gani. Wana kipimo chao cha lita 20 cha kukagulia. Au fanya kama mwenye uzi: matanki matatu sheli A, matanki matatu sheli B, njia ile ile. Namba zitasema.

#17 Mzee wa Risiti

Wakuu nimerudi. Wiki tatu kimya, nilikuwa napima.

Jumamosi ile nilikwenda kwa fundi wa umeme, akachomeka mashine, tukatoka nayo Morogoro Road asubuhi mapema barabara ikiwa nyeupe. Nilishika simu narekodi kile kioo chake. Tukiwa pale Kimara Temboni joto la maji: 66. Tukashuka kuelekea Korogwe (ya Kimara, siyo ya Tanga): 63. Fundi akacheka akasema, "Mzee, injini yako iko kwenye friji."

Tukafungua. Mahali pa themostati pana gasketi peke yake na silikoni nyeusi imejaa kama bazoka iliyotafunwa. Hakuna kitu. Aliyeniuzia, au fundi wake, aliitoa. Fundi akaeleza: themostati ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Isipokuwepo, maji yanazunguka rejeta muda wote, kompyuta inadhani injini ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kuongeza mafuta. Hata gia ya nne, niliyoifurahia wiki ile, inaweza kuchelewa kuingia maji yakiwa ya baridi.

Tukaenda maduka ya spea Gerezani, themostati 35,000, kulanti 30,000, ufundi 20,000. Tuliporudi barabarani ikapanda ikakaa 86, ikatulia hapo hapo kama imegandishwa.

Tanki la tatu: kilomita 352, lita 33.4. Sawa na 10.5.

Ile ya kiganja kwenye rimu nimeifanya pia. Mbele kulia ni pasi ya mkaa. Kalipa ya breki zile pini zake zimekakamaa, pedi moja imeisha mpaka chuma na mwenzake bado nene. Kusafisha na kupaka grisi 15,000, pedi 40,000. Nikamwaga na oili, nikaweka 5W-30. Upepo: kibandiko kinasema kitu kimoja, matairi yangu yalikuwa na 24, 26, 25 na moja 38. Thelathini na nane! Yule kijana wa "poa mzee" Mungu anamuona.

Tanki la nne: kilomita 371, lita 32.8. Sawa na 11.3.

#18 Chuma Chakavu

Kutoka 8.3 mpaka 11.3 na hujanunua hata sensa moja. Huu uzi ubandikwe juu.

#19 Dogo wa Tabata

Na kile kidubwasha cha 35,000?

#20 Mzee wa Risiti

Nimekifungua kwa bisibisi. Ndani kuna taa tatu na kibao kidogo cha kuziwasha zipepese. Hakina hata waya unaokwenda kwenye mguu wa mawasiliano wa ile soketi. Mwanangu anakichezea.

#21 FundiBubu

Hivyo, sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, na chupa za maji ya hidrojeni ni ukoo mmoja. Wamarekani kupitia EPA, shirika lao la mazingira, wamepima vifaa vya namna hiyo zaidi ya 100 na vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache mno. Nafuu yenyewe kidogo.

#22 Suka wa Usiku

Mnahangaika na petroli wakati gesi ipo. Mimi natembeza taksi ya mtandao, IST kama ya mwenye uzi. Nilifunga mfumo wa CNG, gesi asilia iliyoshindiliwa, kwa milioni moja na laki nane. Mtungi wangu kilo 11, kilo moja najaza 1,550, inanipeleka kilomita 16 hivi. Kilomita moja haifiki shilingi mia. Kwa petroli ilikuwa inanila 270. Kwa siku natembea kilomita 200, mtungi ulirudisha hela yake ndani ya miezi miwili.

#23 Mzee wa Risiti

Suka, hasara zake? Sema na hizo.

#24 Suka wa Usiku

Buti limekwisha. Abiria wa Airport mwenye mabegi mawili makubwa namwambia apande mwenzangu. Mlimani nguvu inapungua kidogo. Na foleni. Gesi ni yetu wenyewe, ya Songosongo na Mnazi Bay, lakini vituo bado vya kuhesabu. Mimi naenda saa nane usiku, na hata saa hiyo naweza kukuta bajaji na IST zimepanga mstari, watu wamelala ndani wamevua viatu. Ukienda saa kumi na mbili jioni, umeamua mwenyewe.

#25 Mzee wa Risiti

Nimepiga hesabu. Mimi kwa mwezi ni kama kilomita 1,056 za kazini. Kwa ulaji wa sasa, gesi ingeniokolea laki na nusu hivi kwa mwezi. Milioni 1.8 ingerudi baada ya mwaka, na nimepoteza buti na nusu ya usiku wangu kituoni. Kwa Suka inalipa. Kwangu bado. Yule wa kilomita kumi kwa siku asijisumbue kabisa.

#26 Mama Kulwa

Mrejesho wangu: nimeunganisha safari, getini nazima gari. 11.4. Umbea wa chini ya mwembe nao si haba, nimejua mpaka nani anauza kiwanja.

#27 Mzee wa Risiti

Hongera dada.

Mimi sasa nimehamia kwenye mguu. Zamani nikiona gari ya mbele imesogea mita ishirini naikimbilia, halafu breki. Foleni ya Shekilango nimehesabu siku moja nimefanya hivyo mara 41. Kila breki ni mafuta uliyoshayalipia unayageuza kuwa moto kwenye pedi. Sasa naacha nafasi, natambaa. Bodaboda na daladala wanaingia kwenye ile nafasi, wanapiga honi, wananitukana mpaka nimezoea. Nafika nyumbani nimechelewa dakika tatu nne.

Buti nimetoa: dumu la maji lita 20, mfuko wa simenti nusu ulioganda, na jeki mbili. Sijui jeki ya pili ni ya nani.

Tanki la tano: 398 kwa 32.9. Sawa na 12.1.

Mwezi ule wa 8.3 nilikuwa nachoma lita 127. Sasa lita 87. Ukiweka lita elfu tatu kwa hesabu rahisi, ni 120,000 kila mwezi zinabaki mfukoni.

Halafu wiki iliyopita tulikwenda Korogwe msibani. Watu wanne, AC, spidi 80 hadi 90, siyo zaidi. Kilomita 276, lita 16.9. Hiyo ni 16.3 kwa lita. Wakati wa kurudi tulichelewa kutoka, nikakanyaga 110 kila palipokuwa na nafasi kuanzia Segera hadi Chalinze. Ikashuka mpaka 13.8, na tochi moja ya trafiki juu yake. Na nyumbani nilitangulia dakika ngapi? Siziulizi.

#28 FundiBubu

Upepo unavyokusukuma nyuma haupandi sawa na spidi, unapanda zaidi. Ndiyo maana 110 inauma kuliko unavyodhani. Karia ya juu kama huitumii itoe pia.

Hapo ulipofika, 12 kwa foleni za Dar, usinunue kitu kingine. Gari imeshapona.

#29 Mzee wa Risiti

Fundi, nilidhani hivyo pia. Tanki la sita limenipa 9.9.

Nimekagua upepo, sawa. Rimu, za baridi zote. O/D, imewashwa. Nikataka kurudi kwa yule mwenye mashine. Mke wangu ndiye akasema, "Si ulimpa shemeji yako gari wiki nzima?" Nikamuita dogo. Kaenda Mlimani City mara mbili, kaenda Goba, kilomita hazizidi hamsini. Nikambana. Kumbe nyumbani kwetu umeme ulikuwa unakatika jioni, yeye anashuka chini, anawasha gari, AC, anachaji simu, anaangalia mpira. Mechi mbili mbili.

#30 FundiBubu

Injini hiyo na AC ikiwa imesimama inakaribia lita moja kwa saa. Piga hesabu mwenyewe.

#31 Mzee wa Risiti

Nimepiga. Nimempa na risiti. Kasema atalipa mwisho wa mwezi, hajasema wa mwezi gani.